Rugezi: Bonde Tusilolilima



Kila mwaka katika kijitabu chetu cha harambee huwa tunatenga kurasa chache kwa ajili ya historia ya kwetu. Mwaka huu tumeamua kuandika juu ya Rugezi yenyewe. Sababu ya kwanza ni kwamba michango ya safari hii inakwenda kwenye miteremko inayoizunguka, na mtu anayetoa fedha yake ana haki ya kujua inakwenda kufanya nini. Sababu ya pili ni swali la watoto wetu. Wale waliozaliwa Goma, Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, wanapoletwa nyumbani kwa mara ya kwanza husimama kilimani, huangalia lile bonde pana, kisha huuliza: katika nchi ambayo ndugu wawili wanapelekana kwa wazee kwa ajili ya mtaro mmoja wa viazi, kwa nini bonde lote hili limeachwa bila kulimwa?

Ni swali la haki. Hata wazazi wetu waliliuliza, na kuna miaka walilijibu kwa majembe. Ndiyo maana tunaandika kwa Kiswahili, ili hao watoto nao wasome bila kutafsiriwa.

Kwa asiyeifahamu vizuri, Rugezi ni kinamasi cha milimani, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, katika Mkoa wa Kaskazini wa Rwanda. Kina ukubwa wa hekta 6,700 hivi. Kimelala kati ya vilima vya Kivuye, Gatebe, Rwerere na Ruhunde hadi pande za Miyove, na kina vidole vingi vinavyoingia katika kila kibonde. Maji yake hutoka kwa kuanguka kwenye maporomoko ya Rusumo (si Rusumo ile ya mpaka wa Tanzania) na kuingia Ziwa Burera. Kutoka Burera hushuka Ziwa Ruhondo, ambalo liko chini yake kwa mita 100 hivi. Halafu ni mto Mukungwa, Nyabarongo, Akagera, Ziwa Victoria, na hatimaye Nile. Ndugu zetu walioko Jinja na Khartoum wanakunywa maji yaliyopita kwetu, ingawa hawatulipi kitu.

Ukiitazama Rugezi kutoka juu unaona nyasi tu. Ukishuka hadi ukingoni ndipo unapogundua kwamba kuna mitaa yake, kama mjini. Pembeni, pale vijito vinapoingia vikiwa na udongo wa mashamba, kuna mafunjo, yale ambayo wazee wetu huyaita urufunzo, pamoja na urukangaga wa kusukia mikeka. Mimea hiyo inapenda kula vizuri, kwa hiyo inakaa karibu na mlango ambako chakula kinaletwa. Ukisonga ndani, mafunjo yanapungua. Mahali pake panashikwa na nyasi ngumu, ndefu kumpita mtu, zenye majani membamba na mashuke yenye rangi ya zambarau. Wataalamu huziita Miscanthidium violaceum. Hizo ndizo wenyeji halisi wa Rugezi. Eneo kubwa la kinamasi ni lao.

Kwa nini mafunjo, ambayo ni makubwa na yenye nguvu, hayakuziondoa nyasi hizo zamani? Jibu ni kwamba huko katikati hakuna chakula. Maji ya katikati ni ya mvua kwa sehemu kubwa, na maji ya mvua hayana rutuba. Tena ni maji yenye asidi, rangi yake kama chai iliyolala. Ndani yake hewa ni kidogo sana, kwa hiyo vijidudu vinavyoozesha majani havifanyi kazi yao. Jani likianguka halirudi kuwa mbolea kama shambani. Linazama, linalala juu ya jani la mwaka jana, na lile la mwaka jana limelala juu ya majani ya karne nyingi. Hiyo ndiyo nyiramugengeri: mimea iliyokufa lakini haikuoza, imejikusanya mita kwa mita, laini, nyeusi, imeshiba maji.

Mmea unaotaka kuishi mahali kama hapo hauna budi kuwa bahili. Kabla jani halijakauka, sehemu ya chakula kilichomo hurudishwa chini kwenye mizizi ili kitumike tena msimu unaofuata. Katika vinamasi vya aina hii vya kanda yetu ya maziwa makuu, chini ya nyasi hizo ndefu huota pia mimea midogo laini kama sifongo, iitwayo sifagnamu, ambayo haina mizizi na inaweza kubeba maji mara nyingi kuliko uzito wake ikiwa kavu. Mimea hiyo yenyewe huongeza asidi katika maji inayokaa, kana kwamba inafunga mlango ili wageni wasiingie. Pia vinamasi hivyo huwa na mmea mdogo mwekundu wenye vinywele vinavyonata, unaokamata inzi na kuwala. Umekosa chakula ardhini, umekwenda kuwinda. Sisi tuliokulia kwenye vilima vya mawe tunauelewa vizuri sana mmea huo.

Katika sehemu nyingi za Rugezi tabaka la juu halijakaa juu ya ardhi. Ni zulia la mizizi lililosukana, likielea juu ya maji na tope. Ukilikanyaga linatikisika hadi mbali mbele yako. Anayelijua anatembea; asiyelijua anazama hadi kiunoni, na mwenye bahati mbaya anazama zaidi ya hapo. Jambo hili limeingia hata katika historia ya nchi.

Baada ya mwami Rwabugiri kufariki mwaka 1895, na Musinga kukalishwa kwenye kiti cha ufalme mwaka uliofuata, kaskazini haikumtii kirahisi. Katika Rugezi alikaa kiongozi wa Watwa aliyeitwa Basebya. Yeye na watu wake walifanya kinamasi kuwa ngome. Walitoka kuvamia vilima vya jirani, wakachukua ng'ombe na chakula, kisha wakarudi kwenye nyasi ambako hakuna jeshi lililothubutu kuwafuata. Wajerumani walipoingia kumsaidia Musinga walikutana na shida ileile. Askari wao, ambao wengi waliongea Kiswahili, hicho hicho tunachoandikia hapa, walikuwa na bunduki nzuri, lakini bunduki haimsaidii mtu ambaye mguu wake umenasa kwenye tope.

Mwaka 1912 Basebya aliungana na Ndungutse, aliyedai kuwa mtoto wa mwami Rutarindwa na hivyo kuwa na haki ya ufalme. Watu wengi wa kaskazini walimfuata, kwa kuwa walikuwa wamechoshwa na kazi za lazima na kodi za watu wa ikulu. Mwezi wa Aprili Luteni Gudowius, aliyekuwa akishikilia nafasi ya mwakilishi wa Wajerumani mjini Kigali, alileta majeshi. Nyumba zilichomwa, mashamba yakaharibiwa, na uasi wa Ndungutse ukavunjwa. Basebya bado alikuwa ndani ya Rugezi. Hakukamatwa kwa vita. Chifu Rwubusisi alimtoa kwa hila, kwa kumwita kwenye mazungumzo, akakamatwa na kuuawa mwezi wa Mei.

Kwa vilima alivyovinyang'anya Basebya alikuwa mwizi, na kwa wengine alikuwa mtu aliyekataa kutawaliwa. Kwetu inatosha kusema kwamba alikuwa wa mwisho kuishi na Rugezi kwa kuitumia jinsi ilivyo. Waliokuja baada yake walitaka kuibadilisha.

Wabelgiji walichukua nchi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916. Njaa ilikuwa ikirudi kila baada ya miaka michache, na utawala uliona mabonde yenye maji kuwa jibu rahisi: wakati wa kiangazi vilima vinapokauka, mabondeni kuna unyevu. Watu wakalazimishwa kufungua mabonde na kupanda viazi vitamu. Katika mabonde mengi ya Rwanda jambo hilo lilifaa, kwa sababu mabonde hayo yana udongo wa kweli ulioshushwa na mito. Baada ya njaa kubwa ya Ruzagayura ya 1943 na 1944 hakuna aliyethubutu tena kusema kwamba bonde liachwe. Mtu aliyezika watoto kwa njaa haambiwi habari za nyasi.

Lakini Rugezi si bonde la aina hiyo, na hapo ndipo lilipo kosa ambalo limerudiwa na wengi. Udongo mweusi humfanya mkulima afikiri ni wenye rutuba. Kwingine kote kwetu, cheusi ni kizuri. Nyiramugengeri ni nyeusi, ila ndani yake mna asidi na chakula kidogo sana cha mmea. Mkulima huchimba mfereji, maji hutoka, huchoma nyasi, na majivu hupunguza asidi kwa muda na kutoa chakula kidogo. Mavuno ya kwanza huwa mazuri kiasi cha kumshawishi jirani naye achimbe. Misimu michache ikipita, majivu yamekwisha. Nyiramugengeri iliyokauka imeingiwa na hewa, sasa inaoza kwa haraka, inasinyaa, na uso wa shamba unashuka. Mfereji uliokuwa na kina cha kutosha hautoshi tena. Inabidi kuchimba zaidi. Ikikauka kabisa inakuwa kama vumbi la makaa, hailoweki kwa urahisi hata mvua ikinyesha, na ikishika moto huungua chini kwa chini. Kilichojengwa na nyasi kwa karne nyingi huisha katika maisha ya mtu mmoja.

Kwa muda mrefu watu walikuwa wachache kiasi kwamba mifereji ya pembeni haikuiumiza Rugezi sana. Sensa ya 1978 ilihesabu Wanyarwanda milioni 4.8. Ile ya 2002, pamoja na yote yaliyotokea katikati, ilihesabu milioni 8.1. Mashamba ya kilimani yaligawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, hadi yakawa vipande. Miti ya miteremkoni ilikatwa. Vita vilipita kwetu kuanzia 1990 na kuacha watu wengi bila kitu. Mtu wa namna hiyo anakwenda wapi? Anashuka chini. Mifereji ikaongezeka, ikaungana, ikaingia ndani hadi kwenye zile nyasi zenye mashuke ya zambarau.

Huku nyuma, kule chini, kulikuwa na kitu kingine kinachoitegemea Rugezi. Mwaka 1959 kituo cha umeme cha Ntaruka kilianza kufanya kazi kati ya Ziwa Burera na Ruhondo, kikitumia mteremko ule wa mita 100. Uwezo wake ni megawati 11 na kidogo. Mwaka 1982 kikafuata cha Mukungwa, chini ya Ruhondo, chenye megawati 12. Vituo hivyo viwili vilibeba sehemu kubwa ya umeme uliozalishwa nchini. Kwa hiyo taa ya Kigali ilikuwa inaanzia kwenye nyasi za Kivuye, ingawa Kivuye yenyewe kwa miaka mingi ililala gizani. Tunalisema hili bila uchungu mwingi, lakini tunalisema.

Jinsi Rugezi inavyofanya kazi kwa ajili ya ziwa ni rahisi kuelewa. Mvua kubwa ikinyesha, zulia linainuka na nyiramugengeri inashika maji. Kiangazi kikifika, yanatoka polepole. Ziwa hupata maji mwaka mzima badala ya kuyapata yote kwa mkupuo mwezi wa Aprili. Mifereji inavunja utaratibu huo. Maji yanakimbia yakiwa mengi na tope nyingi, kisha yanakatika.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ziwa Burera lilishuka. Wavuvi waliona kwanza, kwa sababu mawe yaliyokuwa chini ya maji yalijitokeza. Kufikia 2004 Ntaruka ilikuwa inazalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Nchi ikaingia katika mgawo wa umeme, na serikali ikalazimika kukodi jenereta za dizeli ambazo gharama yake ilifika hadi dola 65,000 za Marekani kwa siku. Kwa nchi iliyokuwa bado inajijenga upya hizo ni fedha nyingi kupita kiasi.

Hapo ndipo kila mtu alipokumbuka kwamba kuna mahali panaitwa Rugezi.

Tungependa kuwa waangalifu katika sehemu hii, maana tumesikia ikisimuliwa vibaya, hata na baadhi yetu wenyewe tukiwa kwenye sherehe huko ugenini. Inasemwa kwamba wakulima wa Rugezi walizima umeme wa taifa. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulitaja sababu kadhaa kwa pamoja: kukaushwa kwa kinamasi, kuharibika kwa miteremko yake, mvua zilizopungua miaka ile, na pia kituo chenyewe kutotunzwa ipasavyo. Kumwachia mzigo wote mwenye mtaro wa viazi ni kumwonea. Hata hivyo hatuwezi kusema mifereji haikuwa na sehemu yake. Ilikuwa nayo, na ilikuwa kubwa.

Hatua zilizofuata zilikuja haraka. Sheria ya mazingira ya 2005 iliweka vinamasi chini ya ulinzi. Tarehe 1 Desemba 2005 Rugezi iliingizwa katika orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa maeneo yenye majimaji, ikiwa ya kwanza kutoka Rwanda. Kilimo ndani ya kinamasi kilipigwa marufuku, mifereji ikazibwa, na ukanda ukawekwa kuzunguka kingo. Kwenye miteremko zilichimbwa fanya juu na matuta, zikapandwa miti, mianzi na majani ya tembo. Wengine walipewa mizinga ya nyuki, na majiko ya kuni chache yakagawiwa.

Kwenye karatasi mambo hayo yanasomeka vizuri. Kwa familia zilizokuwa na mashamba chini, yalikuwa kitu kingine. Mtu alikuwa na viazi vyake ardhini, akaambiwa atoke. Waliokuwa wakilisha ng'ombe ukingoni, waliokuwa wakikata nyasi za kuezekea na urukangaga wa mikeka, wote walikuta mlango umefungwa kwa siku moja. Mzinga wa nyuki ni kitu kizuri, lakini haujazi sufuria mwezi ule ule uliopoteza shamba. Wapo wanachama wa chama hiki ambao waliondoka nyumbani miaka ile kwa sababu hiyo hiyo, na leo ndio wanaotuma michango kutoka mbali. Tunapopanga kazi za Rugezi tunawakumbuka hao kwanza.

Matokeo nayo tuyaseme. Ziwa lilipanda tena, na kufikia 2011 Ntaruka ilikuwa imerudi kufanya kazi kwa uwezo wake wote. Mwaka 2010 Rwanda ilipewa tuzo ya kimataifa ya Green Globe kwa kurejesha Rugezi pamoja na maziwa ya Burera na Ruhondo. Nyasi zimerudi kufunika mifereji mingi ya zamani. Umusambi, yule korongo mwenye taji ambaye anapenda kutaga kwenye nyasi zenye maji, anaonekana tena kwa makundi; hesabu ya nchi nzima ya 2017 ilipata 487, na miaka mitano baadaye walipita 1,000. Pia yupo ndege mmoja mdogo wa kahawia, anayetambulika zaidi kwa sauti kuliko kwa sura, ambaye kitaalamu amepewa jina la Mwaustria Rudolf Grauer. Ndege huyo anaishi kwenye vinamasi vya milima ya Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo tu, na Rugezi ni mojawapo ya makazi yake makubwa duniani. Watalii husafiri mbali kuja kumsikiliza. Sisi tulimsikia tukienda kuteka maji, tukadhani yuko kila mahali.

Siku hizi kuna habari nyingine pia. Nyiramugengeri imekuwa mali. Rwanda imejenga kituo cha umeme kinachochoma nyiramugengeri huko Gishoma, Rusizi, chenye megawati 15, na kingine kikubwa zaidi huko Gisagara. Rugezi haiguswi kwa sababu inalindwa, na tunaona ni sawa. Ile ya kwetu inatoa umeme ikiwa mbichi, pale pale ilipo, mwaka baada ya mwaka. Kuna na wale wanaosema mali yake ni hewa ya ukaa iliyofungiwa ndani. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba vinamasi vya bonde la Kongo vimeshika tani bilioni 30 za kaboni, na tangu hapo kila kinamasi kinatazamwa kwa jicho jipya. Kama siku moja patakuwa na malipo ya jambo hilo, chama kitataka kuhakikisha yanafika Gatebe na Rwerere, maana tumeshaona umeme ukianzia kwetu na kuwaka kwingine.

Basi, tukirudi kwenye swali la watoto wetu, bonde halijaachwa kwa uvivu wala kwa amri tupu. Limeachwa kwa sababu halina cha kumlisha mkulima, na linachoweza kutoa, yaani maji, linakitoa likiwa maskini. Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, na ndilo limetufanya tuchague mradi wa mwaka huu. Adui wa nyasi za Rugezi si jembe peke yake. Hata bila mtu kuingia ndani, tope la miteremkoni likishuka kila mvua linabeba rutuba na mbolea za mashamba yetu. Rutuba hiyo ikifika kwenye kinamasi, mimea inayopenda kula vizuri inasogea kutoka pembeni kuingia katikati, na zile nyasi bahili zinazojenga nyiramugengeri zinashindwa. Maji yanapungukiwa asidi, majani yanaanza kuoza, na zulia linadhoofika. Kwa hiyo tunampoteza mara mbili mkulima: udongo wake mzuri unamkimbia, halafu unakwenda kuharibu mahali ambapo haukuhitajika.

Kwa ajili hiyo kamati imekubaliana na wazee wa vijiji vya ukingoni kwamba fedha zitumike kilimani, kwenye mashamba ya watu, kwa idhini yao. Matuta yaliyobomoka yatatengenezwa. Kwenye kingo za matuta yatapandwa majani ya tembo na miti ya malisho, ili kila familia iwe na cha kumpa ng'ombe bila kushuka Rugezi usiku kwa kuvizia. Watakaotangulia ni wale waliopoteza mashamba kinamasini, na orodha yao inatengenezwa na vijiji vyenyewe, wala si na sisi tulioko mjini. Kazi italipwa kwa siku, na vijana wa hapo hapo ndio watakaoajiriwa.

Pamoja na hayo tumeanza kukusanya majina ya mimea ya Rugezi kama wazee wetu wanavyoyataja, pamoja na matumizi yake: upi wa mikeka, upi wa kuezekea, upi wa dawa ya ng'ombe, upi usioguswa. Bibi mmoja wa Ruhunde ametutajia mingi kuliko kijana yeyote wa chuo tuliyemuuliza. Wenye wazazi walio hai, tafadhali waulizeni, mwandike jina na kilima alikotoka, mtumie pamoja na mchango wenu.

Kitalu cha miche kinatakiwa kiwe tayari kabla ya mvua za Septemba. Mbegu zinanunuliwa mwezi wa Juni, kwa hiyo michango itakayofika mwisho wa Mei ndiyo itakayoingia katika upandaji wa mwaka huu. Itakayochelewa itasubiri mvua za Februari.